Uzi maalumu: neno "run" na maana zake, kwa wote wanaozungumza na wageni hapa Amu

MAALIM WA LANGONI (mwenye uzi)

Assalaam alaikum wana jukwaa.

Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya vijana wanaochuma riziki pwani hapa Amu na Shela: manahodha wa mashua za kutembeza wageni, wahudumu wa hoteli, wenye maduka ya leso na vikoi, waongoza wageni, na wanafunzi wanaojitayarisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Nafundisha Kiingereza, mchana watoto, jioni watu wazima. Katika maneno yote ninayoyafundisha hakuna linalowakwamisha watu kama "run". Na linawakwamisha kwa sababu kila mtu anaamini analijua. Aliambiwa tangu mdogo kuwa maana yake ni kukimbia, akaandika daftarini, akafunga ukurasa.

Halafu anakutana na maneno kama haya, na yote ni ya kila siku:

"My nose is running." "We have run out of ice." "The boat ran aground." "She runs a small hotel in Shela." "He is running for governor." "The path runs along the seafront." "The red ran in the wash."

Humo hamna aliyekimbia. Mtu anatokwa na makamasi, barafu imekwisha, chombo kimepanda fungu, mama anaendesha hoteli yake, mwanasiasa anagombea ugavana, njia inaambaa na ufuo, na rangi nyekundu imechuja nguo ilipofuliwa. Kiswahili kimehitaji vitenzi saba kusema yale ambayo Kiingereza kimeyasema kwa kitenzi kimoja.

Niwaoneshe kwanza ukubwa wa neno lenyewe. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilianza kuchapishwa kwa mafungu mwaka 1884, mhariri wake mkuu akiwa James Murray. Ilikamilika 1928, Murray mwenyewe ameshafariki tangu 1915. Toleo la pili lilipotoka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set": maana 430, na maelezo yake yakafika maneno 60,000 hivi. Hayo ni maelezo ya neno moja lenye herufi tatu, na ni marefu kama kitabu kizima. Wahariri walipoanza kuiandika kamusi upya kwa ajili ya toleo la tatu, "run" likalipita "set". Mhariri Peter Gilliver alikaa nalo miezi tisa. Habari zilipotangazwa mwaka 2011, kitenzi peke yake, nomino zikiwekwa kando, kilikuwa na maana 645.

Sasa kwa nini liwe "run", lisiwe neno jingine? Chimbuko lake linasaidia. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilitumika kwa mwenye miguu na kilitumika kwa maji vilevile. Ndugu yake wa Kijerumani, "rinnen", mpaka leo maana yake ni kutiririka, na "rennen" ni kukimbia. Kwa hivyo maana ya maji si maana iliyopachikwa baadaye juu ya maana ya miguu. Zote mbili ni za kale. Mtu aliyefundishwa miguu peke yake amepewa nusu ya neno tangu mwanzo.

Ndiyo maana darasani kwangu simchori mtu anayepiga mbio. Nawapeleka wanafunzi gatini maji yakianza kupwa, tutazame mkondo kati yetu na Manda. Maji yanakwenda hayasukumwi na mtu, yanakwenda mfululizo, na yanafuata njia yake. Ukitupa kifuu cha nazi utakiona kinachukuliwa moja kwa moja kuelekea Shela. Mwenye kuishika picha hiyo, maana nyingi humjia zenyewe. Pua "inarun" kwa sababu kinatoka kitu hakikatiki. Njia "inarun" kwa sababu macho yanaifuata mfululizo kutoka hapa mpaka kule, ingawa njia yenyewe haitikisiki. Mkataba "unarun" miaka miwili, muda wake haujakatika. Ugonjwa au kipaji "kinarun" katika ukoo, kinateremka kutoka kwa babu hadi mjukuu.

Karne ya 19 ilileta mashine za mvuke, reli na viwanda, na Waingereza walihitaji kitenzi cha kusema gurudumu linazunguka na kazi inaendelea. Wakachukua "run". Treni inarun, saa inarun, kiwanda kinarun. Zilipokuja kompyuta, programu nayo ikaingizwa humo humo. Sehemu kubwa ya wingi wa maana za leo imetokana na chuma na umeme, na mtu anayetazama kamusi ya zamani hatazikuta zote.

Jambo la pili ndilo ninalotaka lishikwe kuliko yote katika uzi huu. Kitenzi cha Kiswahili kina mkia, na mkia ndio unaogawa kazi. Kutoka "enda" tunapata endea, endeka, endelea, endesha. Kutoka "kimbia" tunapata kimbilia, kimbiza, kimbizana. Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo. "The engine runs" ni injini inakwenda, na "Ali runs the engine" ni Ali anaiendesha, kitenzi hakibadiliki hata kidogo. Basi ukikutana na "run", jiulize kabla ya lolote: baada yake kuna kitu kinachotendwa? Kikiwepo, tafuta kitenzi chenye mkia wa kufanyiza. "Run a shop", endesha duka. "Run a rope through the pulley", pitisha kamba kwenye kapi. "Run your hand along the wall", pitisha mkono ukutani. "Run the tap", fungulia mfereji, yaani yafanye maji yatiririke. Mtihani huu mdogo haushindwi mara nyingi. Pale unaposhindwa, kama "run a fever" ambayo ni kuwa na homa, na "run a risk" ambayo ni kujitia hatarini, unayashika hayo machache kwa moyo.

La tatu ni maneno madogo yanayoliandama: out, into, over, down, through, off. Kiswahili kazi hii pia tunaifanya ndani ya kitenzi. Mtu "amekimbia vita" anavipa mgongo, na "amekimbilia vita" anavielekea, tofauti ni silabi moja katikati. Mwingereza atasema "run from" na "run to". Kwa hivyo kijana wa Kiswahili si mgeni wa jambo hili, amelizoea tangu kwa mamake, ila amezoea kulitafuta ndani ya kitenzi na kwa Kiingereza limesimama nje. Akisoma "run" akaacha kusoma neno linalofuata, ameacha sehemu ya kitenzi chenyewe.

Mfano mzuri ni "run over". Gari likimkanyaga mtu ni "run over". Birika likifurika ni "run over". Mkutano ukipita saa yake ni "run over". Na mkuu wako akisema "let us run over the list", anataka muipitie orodha haraka. Nne hizo, na kilichozitenganisha ni kilichokaa kando yake: gari, maji, mkutano, orodha.

Karibuni. Leteni sentensi mlizozisikia kazini kwenu, tuzifungue moja moja.

Nahodha Kaskazi

Waalaikum salaam Maalim. Mimi ni mtu wa mashua, shule yangu ni ndogo lakini bahari naijua. Wageni wangu wengine wana mashua zao kwao Ulaya, wanajua tanga. Tukitoka Mkanda tunarudi, upepo ukiya nyuma, wao husema "now we are running". Hata siku ambayo upepo ni mchache na chombo kinakwenda polepole, maneno ni hayohayo. Mimi naona hapo hakuna mbio. Nifungulie.

MAALIM WA LANGONI

Nahodha, swali lako ni zuri sana. Kwa mabaharia wa Kiingereza "running" ni jina la mwelekeo wa chombo na upepo, si jina la kasi. Upepo ukikujia tezini, unarun, hata ukienda pole. Upepo ukikujia omoni ukalazimika kupiga bisho, wao husema "beating". Upepo wa ubavuni ni "reaching". Kwa hivyo mgeni wako hakusifu mwendo wa mashua, alikutajia upepo umekaa wapi. Ukitaka kumjibu vizuri mwambie "yes, the wind is right behind us".

Na kuna jingine utalisikia kwao. Kamba zote zinazopita kwenye kapi zikavutwa na kulegezwa, kama henza na demani, kwa jumla huitwa "running rigging". Zile zilizofungwa zikatulia kushikilia mlingoti ni "standing rigging". Hapo tena ni ule mkondo: kamba inayopita inarun, kamba iliyotulia imesimama.

Nahodha Kaskazi

Sasa nimepata. Niongeze kwa wasiojua bahari: upepo wa tezi hudhaniwa ni starehe, lakini kwa tanga letu la pembe tatu ndipo penye kutaka macho. Upepo ukihama kidogo ukapita upande wa pili, tanga hupigika. Sisi ukitaka kuligeuza tanga, foromali huizungusha mbele ya mlingoti, na hapo kila mtu akae chini na awe mahali pake. Kwa hiyo mgeni akikwambia "we are running", wewe nahodha usilegee. Shukrani Maalim.

Muuguzi wa Bara

Nafanya kazi upande wa Mokowe, na hapo nyuma niliwahi kufanya katika zahanati iliyokuwa ikipokea wageni. Naomba niseme kuhusu matumizi ya wagonjwa, maana kukosea hapo kuna madhara.

"Running a temperature" ni homa. Wengine hudhani mgonjwa anauliza kipimajoto. "Running nose" Maalim ameshaisema. "We will run some tests" ni tutafanya vipimo. "I feel run down" ni kusikia mwili umechoka na kudhoofika, na si kwamba amegongwa na kitu.

Ile kubwa zaidi ni "the runs". Mgeni akisema "I had the runs all night", anaharisha, na anaona haya kulitaja neno lenyewe. Kijana mmoja wa hoteli aliletewa maneno hayo asubuhi, akaelewa kuwa mgeni alikuwa akifanya mazoezi ya mbio ufuoni usiku, akampa pole ya uchovu na kumwachia apumzike. Mgeni alikaa chumbani mpaka jioni midomo imemkauka, macho yameingia ndani, na alipoletwa kwetu hawezi kusimama vyema. Alipata nafuu kwa maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa sawasawa, lakini angepewa tangu asubuhi asingefikia hali ile. Kwa joto la huku kwetu mtu anayeharisha hukaukiwa haraka. Nawaomba sana wahudumu wa hoteli mlishike neno hili.

MAALIM WA LANGONI

Dada Muuguzi, Mungu akulipe. Hili nitaliweka katika somo la jioni, na naomba kila mwenye hoteli anayesoma hapa awasomee wafanyakazi wake. Tazameni vilevile kuwa hapo "runs" ni nomino yenye wingi na ina "the" mbele. "He runs" ni anakimbia au anaendesha. "He has the runs" ni anaharisha. Sikilizeni "has the".

Bint Leso

Maalim mimi nauza leso na vitambaa vya kutiwa rangi kwa mkono. Mteja wa nje aliniandikia "Beautiful fabric, but the blue ran". Nilielewa imechuja kwa sababu alituma na picha, shuka lake jeupe limeingia buluu. Nilichotaka kujua ni jibu. Nimwandikie vipi kwa Kiingereza kisafi kuwa kitambaa cha namna hii hufuliwa peke yake kwa maji baridi?

MAALIM WA LANGONI

Bint Leso, andika hivi na ukibandike kwenye kila kitambaa: "Wash separately in cold water. The colour may run in the first few washes." Hapo umemwonya kabla, naye hatakulaumu. Kwa yule aliyekwisha haribikiwa, mwandikie "I am sorry the colour ran", kisha mweleze utamfanyia nini.

Kidato cha Nne 4 West

Sir, mimi nataka orodha. Tuwekee maana zote 645 tukariri, mtihani uko karibu. Mwalimu wetu hutupa "phrasal verbs" kumi kila wiki na tunazishika.

Mtu wa Malindi

Naungana na mdogo wangu hapo juu. Sisi Malindi tulijifunza Kitaliano kwa orodha na kwa kusikia, vijana wa ufuoni wanakizungumza kama maji. Na Kitaliano kina huruma, kila kazi ina neno lake. Kukimbia ni "correre", maji kutiririka ni "scorrere", mashine kufanya kazi ni "funzionare", kuendesha duka au hoteli ni "gestire". Ukishika neno umeshika. Kiingereza kimejaza kila kitu katika kikapu kimoja halafu kinatutaka sisi tuchambue. Nionavyo mimi, bila orodha mtu hafiki.

MAALIM WA LANGONI

Ndugu wa Malindi, mifano yako ya Kitaliano ni ya kweli na imenifurahisha, kwa sababu inaonesha Kitaliano kiko karibu na Kiswahili kwa jambo hili: kinatoa vitenzi mbalimbali pale Kiingereza kinapotoa kimoja. Lakini kwenye orodha hatukubaliani, na nitaeleza kwa nini, kwa kuwa nimeona watoto wakiumia nayo.

Mtoto akipewa "run out = kuisha", akakariri hivyo, atakwenda kuandika "the sugar ran out" na atakuwa sahihi. Kesho atataka kusema "tumeishiwa na sukari" ataandika "we finished out the sugar" au "the sugar has run us", kwa sababu orodha ilimpa maana na haikumpa mwili wa sentensi. Hakuoneshwa kuwa kitu kikiwa mbele ni "the sugar has run out", na mtu akiwa mbele ni "we have run out of sugar", na ile "of" haitoki. Angepewa sentensi mbili nzima kutoka dukani, angezitumia maisha yake yote.

Na wewe, ndugu, umesema mwenyewe: kwa orodha na kwa kusikia. Mimi nadhani kilichowafanya vijana wa Malindi wazungumze ni kule kusikia. Walilisikia neno likiwa na wenzake, saa ile ile jambo linatendeka mbele yao.

Mwanangu wa kidato cha nne, maana 645 hazina faida kwako. Nyingi ni za mafundi wa kazi fulani, au za kale zilizoachwa. Mwingereza mwenyewe hazijui zote. Anza na hizi, kila moja ndani ya sentensi ya maisha yako: run out of, run into, run over, run away, run late, run a business, run for a post, na "in the long run", ambayo ni hatimaye, baada ya muda mrefu kupita. "Run into" ikumbuke kwa pande zake mbili: "I ran into my uncle at Mkunguni" ni nilikutana na ami yangu Mkunguni bila kutarajia, na "the boat ran into the jetty" ni mashua iligonga gati. Mtahini hupenda kuuliza hapo.

Halafu andika "run, ran, run" mara nyingi mpaka mkono uzoee. Wengi hupoteza alama kwa "have ran". Ni "have run".

Msomaji wa Magazeti

Mbona magazeti yetu ya Kiingereza hapa Kenya mara nyingi husema "vie" kwa wagombea? Na redio za nje husema "run" au "stand".

MAALIM WA LANGONI

Wamarekani husema "run for office". Waingereza kwa kawaida husema "stand for Parliament", wao mgombea anasimama. Sisi Wakenya tumelipenda "vie", ambalo maana yake ni kushindana, na tumelitumia mpaka limekuwa letu. Yote matatu yanaeleweka, lakini usiyachanganye: ni "run for", "stand for", na "vie for the seat". Lile la "running mate" limeingia sana kwa sababu ya uchaguzi wa urais, ambapo chini ya Katiba ya 2010 mgombea urais hujitokeza na mgombea mwenza mmoja ambaye wakishinda atakuwa naibu wa rais. "Mgombea mwenza" ni tafsiri nzuri, aliyeitunga amefanya kazi ya maana.

Mwana wa Pate

Maalim na mimi nina la kuongeza upande wa fedha. Nilisoma habari ya "a run on the bank" nikadhani ni wezi waliovamia. Kumbe ni wenye akiba zao.

MAALIM WA LANGONI

Naam. Wateja wengi kwa pamoja wakiingiwa na hofu kuwa benki itaanguka, hukimbilia kutoa pesa zao. Benki huwa imekopesha sehemu kubwa ya pesa hizo, haina zote mkononi, kwa hivyo hofu yenyewe inaweza kuiangusha hata kama ilikuwa nzima. Na hapa Kiswahili kinakubaliana na Kiingereza kabisa, watu "wamekimbilia" benki. Wafanyabiashara hulitumia hata kwa bidhaa: "a run on sugar" ni watu kuinunua sukari kwa pupa mpaka rafu zikabaki tupu.

Mama Kibanda

Jamani mimi nina karatasi mbele yangu na sijaitia sahihi. Mgeni anataka kukodi kiwanja cha familia yetu kule Kipungani ajenge nyumba ndogo za wageni. Mwanangu amenisomea, kuna "this lease shall run for twenty years from the date of signing", halafu chini kuna "these covenants shall run with the land". Huyu mwanangu anasema maana yake mkataba utakimbia na ardhi yetu. Usingizi umenitoka. Nisaidieni.

MAALIM WA LANGONI

Mama, shika moyo wako, hakuna maneno ya kukimbia na ardhi humo. Ila yana uzito, na umefanya vyema kutotia sahihi.

La kwanza ni jepesi kulielewa: ukodishaji utaendelea kwa miaka ishirini kuanzia siku ya kutia sahihi. Ni ule ule muda usiokatika. Uamue wewe na familia kama miaka ishirini mnaikubali, maana aliyezaliwa leo atakuwa mtu mzima ndipo muda uishe.

La pili ni lugha ya sheria. "Covenants" ni masharti mliyowekeana, kwa mfano kuachia njia ya kwendea baharini au kutokata mikoko. "Run with the land" maana yake masharti hayo yanaifuata ardhi, hayamfuati mtu. Ardhi ikirithiwa na watoto wako au ikiuzwa, mwenye kuichukua anaichukua pamoja na masharti yake. Kwa hivyo sharti likiwa zuri kwenu, linawalinda hata baada yako. Likiwa baya, litawabana wajukuu ambao hawakuulizwa. Kifungu chenyewe si kizuri wala si kibaya, kinategemea masharti gani yameandikwa juu yake.

Mwambie mwanao arudi juu ya kifungu hicho aorodheshe kila penye "covenant" au "shall not", akuandikie kwa Kiswahili. Yalete hapa tuyasome pamoja ukipenda, ila ondoa majina na namba ya kiwanja. Kisha nenda kwa wakili wako mwenyewe, usikubali kutumia wa mgeni, na watu wa familia wenye haki katika kiwanja wawepo.

Mama Kibanda

Ahsante sana Maalim. Mwanangu ameketi anaandika sasa hivi. Mpaka hapa amepata tano, na moja inahusu kisima chetu.

MAALIM WA LANGONI

Anza na hilo la kisima, mama. Liandike hapa lilivyo, neno kwa neno.